Mbegu Nambari 40917

Jikoni, ghorofa ya nne, Brno, theluji ikigonga kioo
kwa vidole visivyo na kucha,
ninajenga nyumba ambazo sijawahi kuziona.
Sichori ukuta hata mmoja. Naandika kanuni tu:
chumba kisizidi hatua tisa,
korido isipinde zaidi ya mara tatu,
ufunguo usilale chumba kimoja na mlango wake.
Kisha naiachia kompyuta irushe kete,
na handaki zima linaumbika
kabla sijameza funda la chai.

Mchezo wenyewe ni mdogo, wa kuonea haya:
panya mwenye taa,
vigae vya rangi nne, sauti ya matone
niliyoirekodi kwenye sinki langu bovu.
Panya anatafuta mlango. Basi.
Akifa, nyumba inavunjwa, inajengwa nyingine.

Wiki ya kwanza nasibu ilinitia adabu.
Ilipandisha vyumba juu ya vyumba,
ngazi zikashuka hadi kwenye ukuta mtupu,
na siku moja ilimzaa panya ndani ya jiwe,
akabaki humo na taa yake, akipepesa.
Katika kila nyumba arobaini, moja haikuwa na njia.
Nikajifunza kumimina maji:
kuanzia pale panya anaposimama
yatambae kigae kwa kigae;
yakiufikia mlango, nyumba ni halali,
yakikwama, futa, anza upya.
Nikisinzia, niliyasikia yakitambaa.

Mjaribu wangu wa pekee ni jirani, Bwana Vratislav,
miaka thelathini na moja dereva wa tramu, laini ya nne,
Uwanja wa Amani hadi Obřany,
Obřany hadi Uwanja wa Amani,
mtu ambaye usukani hakuujua,
reli ndizo zilizokata kona kwa niaba yake.
Alikuja na soksi tu, akashika kidhibiti kama yai.
Akafa mara sita. Akauliza:
"Na ile ya kwanza iko wapi?"
Imekwenda, nikasema. Hairudi. Ndiyo raha yake.
Akanitazama
anavyotazamwa abiria asiye na tiketi.

Jumanne alinyamaza ghafla.
Kwenye skrini, chumba chembamba,
dirisha kushoto, meza imesukumwa ukutani,
viti viwili, kimoja kimelipa dirisha mgongo.
Kete zilikuwa zimeangukia hivyo tu.
Panya akasimama. Matone yakadondoka.
Mlango ulikuwa wazi, hatua mbili mbele,
na mzee hakubonyeza kitu
mpaka chai yake ikafanya utando.
"Drahomíra hakupenda jua la asubuhi usoni," akasema,
kisha, kwa sauti ya kikazi:
"Hii naweza kuipata tena?"

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya mbegu.
Kwamba kompyuta haijui kubahatisha,
inajifanya. Unaipa namba moja
nayo inaotesha mti mzima, tawi kwa tawi,
na namba ileile itaotesha mti uleule
leo, mwakani, kwenye mashine ya mtu mwingine.
Akafikiri.
"Kwa hiyo ni reli."
Nilitaka kubisha. Nikakosa hoja.

Elfu arobaini, mia tisa kumi na saba.
Aliiandika nyuma ya cheti cha dawa ya presha,
ile saba akaikata tumbo, kama walivyofunzwa shule.
Nami usiku ule niliongeza mstari mmoja wa msimbo,
wa pekee wenye upendeleo:
mbegu ikiwa hii,
panya asihesabiwe muda.

Mchezo umeuza nakala mia moja na nne.
Sinki nimeshalitengeneza.
Lakini saa mbili usiku, nikiegemea ukuta,
nalisikia likivuja upande wa pili:
tone, kimya, tone,
na hakuna nyayo za panya.